Bia ya Nne Haikuwa na Kona

Fundi Rangi alikuwa ametengeneza bia saba maishani mwake, na zote alizikumbuka kama mtu anavyowakumbuka watoto wake. Ya kwanza ilifia ndani ya ndoo. Ya pili ilizaliwa mgonjwa, ikawa na ladha ya maji ya kuoshea sufuria. Ya tatu ilijaa gesi ikapasua chupa mbili, paka wa jirani akaruka ukuta na hakuonekana siku tatu. Ya nne ilimtoa machozi, ya furaha. Ya tano na ya sita tutafika. Na hii ya saba, ambayo asubuhi ile ya Jumapili alikuwa ameichuchumalia kibarazani, akiitazama inateremka kwenye mpira mwembamba kutoka kwenye ndoo mpaka kwenye chupa, hii ndiyo ilikuwa imtoe kwenye rangi.

Rangi ndiyo ilikuwa kazi yake. Miaka tisa gereji ile ile, bunduki ya rangi mkononi, leso imefungwa puani. Mwanzoni walikuwa wanapulizia uani, upepo unachukua chake na mafundi wanabaki na chao. Halafu mwenye gereji akachoka na vumbi kutua kwenye rangi mbichi, akajenga chumba cha turubai la plastiki, mlango wa zipu, na feni moja ndogo iliyokuwa inazunguka kama vile kwanza inafikiria. Barakoa za maana waliahidiwa. Zikaja za kitambaa. Magari yakawa yanatoka mle yanang'aa kama kioo, na Fundi Rangi akawa anatoka anakohoa kama trekta.

"Umejaza sana hiyo chupa, shemeji. Iachie nafasi ya kupumua. Hata bia ina mapafu."

Huyo alikuwa mdogo wa mkewe, kinyozi, mtu ambaye mdomo wake ulichapa kazi kuliko mkasi wake. Jumapili asubuhi hakuwa na vichwa vya kunyoa, kwa hiyo alikuja kukalia ndoo iliyopinduliwa na kusimamia kazi za wenzake.

"Wewe kazi yako ni vichwa," Fundi Rangi akamwambia. "Hapa niachie mwenyewe."

"Ndiyo maana nasema. Vichwa navijua. Chako kimeota ukaidi, tena kwa nyuma."

"Kunywa, ufunge mdomo."

Akamkingia glasi nusu. Kinyozi akaiangalia, akameza funda moja. Uso ukamkunjana, macho yakamtoka kidogo, halafu akaukunjua uso kwa nguvu kama mtu anayenyoosha shuka lililolaliwa.

"Eeh," akasema. "Imekaa vizuri."

"Umeona inavyouma mwishoni?"

"Imeuma, shemeji. Hilo siwezi kukuficha."

Kisha akainuka na glasi yake, akaenda kusimama pembeni, karibu na kopo la mrehani wa dada yake, akawa anatazama mbali kama mtu anayesubiri mgeni. Aliporudi glasi ilikuwa tupu. Ule mrehani siku hizi ulikuwa unakauka majani kutoka chini kwenda juu, na Mama Pacha, mke wa Fundi, alikuwa ameshaubadilishia udongo mara mbili bila kujua unaumwa nini.

Sasa hii bia, nikwambie. Siyo ile ya kawaida, ya baridi kali na povu la kujaza masharubu. Hii ni ya mtindo wa Kiingereza, wenyewe wanaiita bita. Rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea, au sufuria ya shaba iliyosuguliwa. Gesi kidogo, haitaki barafu. Ukiinywa inaanza na utamu wa mkate, halafu mwishoni kabisa, ukishameza, inakuja na uchungu unaofagia mdomo mpaka unatamani funda lingine. Fundi Rangi aliijua tangu ujana, alipokuwa muosha matangi kwenye kiwanda kidogo cha bia kilichokuja kufungwa. Mpishi mkuu wa pale, mzee aliyekuwa haongei mpaka aonje, alimwachia vitu viwili siku ya kufunga: kipimio cha kioo kinachoelea kwenye bia kuonyesha sukari iliyobaki, na maneno. "Uchungu," alisema yule mzee, "ni mlango wa kutokea. Usiufanye nyumba."

Maneno hayo Fundi aliyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari lake, kwa kalamu nyekundu. Halafu akafungua ukurasa wa pili, na ukurasa wa kwanza hakuurudia tena kwa muda mrefu.

Daftari lenyewe lilikuwa la mistari, gamba gumu, na kila bia ilikuwa na ukurasa wake. Juu vipimo. Kimea cha shayiri kilo nne, kile kilichokaangwa gramu mia tatu, hopsi, yale maua makavu ya kutia uchungu na harufu, gramu arobaini maji yanapoanza kuchemka na kumi na tano dakika kumi za mwisho. Kimea kiloweke kwenye maji ya nyuzi sitini na saba, saa nzima, na sufuria imefunikwa blanketi kuukuu la pacha. Chini ya vipimo kulikuwa na hukumu: Rangi. Povu. Harufu. Ladha. Kila moja na mstari wake.

Bia ya nne ilipata maneno marefu kuliko zote. Harufu: "maua makavu, ganda la chungwa kwa mbali, mkate unaotoka tanuri, nikifumba macho niko kiwandani." Mtu aliyeandika hivyo alikuwa na pua nzima.

Na ilikuwa ni hiyo ya nne aliyoikuta Madamu. Madamu alikuwa mwenye gesti ya barabara ya juu, vyumba kumi na viwili na baa chini. Kabla ya hapo alikuwa muuguzi. Mwenyewe alipenda kusema, "Mwanzo nililaza wagonjwa, sasa nalaza wazima, na wazima ndio wasumbufu." Alikuja siku hiyo kuchukua gauni lake kwa Mama Pacha, ambaye alikuwa fundi cherehani, akapewa glasi ya bia kwa adabu tu, mgeni asitoke mkavu. Akanywa amesimama. Akakaa. Akaomba nyingine.

"Fundi," akasema, "wageni wangu wanaotoka mbali wananiuliza bia ya namna hii kila wiki. Leseni ninayo. Chumba cha nyuma kiko tupu, kina bomba na mfereji wa maji machafu. Njoo upikie kwangu. Nitakuajiri kama mtu na kazi yake. Nataka hii hii."

Angesema ndiyo, hadithi ingekuwa imeisha hapo, na mimi ningekuwa nasimulia kitu kingine.

Lakini Fundi Rangi alikuwa fundi rangi. Na fundi rangi yeyote atakwambia gari halitoki kwa mkono mmoja wa rangi. Unapiga, unaacha ikauke, unasugua msasa, unapiga tena, unasugua tena, mpaka mteja ajione meno kwenye mlango. Mkono wa kwanza hata ukiwa mzuri vipi, ni mkono wa kwanza. Miaka tisa ya msasa ikamjibia.

"Nipe miezi michache, Madamu," akasema. "Niinyooshe. Bado ina kona kona."

"Kona gani? Mimi sijaiona."

"Wewe huioni. Mimi naiona."

Mama Pacha, kwenye cherehani yake, alisimamisha mguu. Akaendelea kushona.

Miezi hiyo ndiyo ile ya chumba cha turubai. Bia ya tano aliipika akaionja, akaona haina maua. Akalaumu duka: hopsi zimezeeka. Akafungua mfuko mwingine, akachomeka pua ndani, akaona na huo umezeeka. Basi dawa ni kuongeza. Gramu hamsini. Ya sita, sitini. Maua hayakuja, ila uchungu ulikuja, tena ulikuja na ndugu zake wote, na Fundi akaupokea kwa furaha, maana angalau ulikuwa kitu. Kila kitu kingine kwenye ulimi wake siku hizi kilikuwa kama maneno yanayosemwa chumba cha pili. Uchungu peke yake ndio ulimwita kwa jina.

Na kulikuwa na jambo jingine dogo. Baada ya bia ya nne, ndoo moja, ambayo hata hakuipa namba, ilikuwa imechacha ikawa siki, kimea chote kikaenda na maji. Kinyozi akampa ushauri wa bure. "Mimi vitana navilowesha kwenye ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Hakuna mdudu anayebaki, hata chawa anaomba msamaha." Fundi akaona sawa. Akawa anaosha ndoo, mpira na chupa zote kwa dawa hiyo, halafu anasuuza mpaka asisikie harufu yake. Kwake maji mara mbili yalitosha.

Watu wakaja kuonja ya tano. "Imekaa vizuri." Wakaja kuonja ya sita. "Hii imekaa vizuri zaidi." Jirani wa kulia alisema ameshiba, akaomba ya kwenda nayo nyumbani. Jirani wa kushoto alisema tumbo lake siku hizi halitaki vitu vya ngano, na alipoambiwa ni shayiri, akasema hata shayiri. Mama Pacha alinywa glasi yake yote, ya tano na ya sita, macho yanamlenga maji, mkono wake juu ya mkono wa mumewe.

"Ikoje?"

"Imekaa vizuri, Baba Pacha."

Siku moja, bia ya sita ikiwa kwenye chupa, Mama Pacha alirudi kutoka kununua nyuzi akakuta jikoni kumejaa moshi mweusi. Maharage yalikuwa yameungua mpaka sufuria imegeuka mkaa. Fundi Rangi alikuwa amekaa hatua sita kutoka pale, mgongo kwa mlango wa jiko, anaandika kwenye daftari.

"Baba Pacha! Husikii harufu?"

Akageuka. "Nilikuwa na mawazo."

Mkewe alimwangalia muda mrefu. Halafu akaitoa ile sufuria nje, akaitupa yenyewe na vilivyomo, akarudi akafungua madirisha. Jambo hilo halikuzungumzwa tena.

Basi Madamu akaitwa kuja kuonja bia ya saba. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, karibu wiki mbili baada ya ile asubuhi ya kuijaza chupani. Gramu sabini na tano. Fundi Rangi alivaa shati jeupe, akafuta meza mara tatu, akapanga glasi nne: ya Madamu, ya mkewe, ya shemeji, ya kwake. Barua ya kuacha kazi gereji alikuwa ameshaiandika. Ilikuwa imekunjwa ndani ya daftari, ukurasa wa bia ya saba, ikingoja tarehe tu.

"Leo ndiyo leo," kinyozi akasema. "Jumatatu watakutafuta kwenye turubai wakute zipu tu."

"Funga mdomo wako, wewe," dada yake akamwambia, kwa sauti ambayo haikuwa ya mzaha.

Madamu akaiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha. "Rangi nzuri."

"Rangi ndiyo kazi yangu, Madamu."

Akasogeza glasi puani. Akasimama hapo. Akamtupia jicho Mama Pacha, na Mama Pacha akaanza kuchunguza kucha zake. Madamu akaonja kidogo, midomo tu, akaiweka glasi mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyejikojolea.

"Fundi."

"Naam."

"Umetia nini humu?"

"Kimea, hopsi, hamira, maji. Basi."

"Nusa."

Akanusa.

"Unasikia nini?"

Fundi Rangi akafumba macho. "Maua," akasema. "Maua makavu. Ganda la chungwa kwa mbali. Mkate unaotoka tanuri."

Kinyozi akaangalia dari.

"Mimi nimefanya kazi wodini miaka kumi na minane," Madamu akasema polepole. "Hii harufu hata ukiniamsha usingizini nitaijua. Hii ni sakafu ya hospitali, saa moja asubuhi, imetoka kupigwa deki."

Kicheko kikamponyoka kinyozi. Alikiziba kwa kiganja lakini kilikuwa kimeshatoka, kikazunguka chumba kizima, kikarudi kukaa mezani katikati yao.

Madamu hakucheka. Alifungua mkoba wake chini ya meza. "Hebu fumba macho tena, Fundi. Nimefanya nini sasa hivi?"

"Hujafanya kitu."

Mama Pacha akapiga chafya. Fundi akafumbua macho akaona kichupa cha manukato mkononi mwa Madamu, kifuniko pembeni, na leso yake iliyolowa, sentimita kumi kutoka puani kwake. Akaivuta ile leso akaibana usoni. Ilikuwa na ubaridi. Ubaridi tu.

"Unafanya kazi na tina ya kuzimulia na rangi za gari?" Madamu akauliza.

"Ndiyo."

"Ndani au nje?"

"Ndani."

Akatikisa kichwa. Akainuka, akajitanda mtandio wake. Mlangoni akageuka. "Ile ya kwanza uliyonipa, mimi nilikuwa tayari kuichukua vile vile ilivyo. Nani alikwambia ina kona?" Hakungoja jibu. "Pole sana," akasema, akaenda zake.

Fundi Rangi alikaa na glasi nne mbele yake. Moja imeonjwa kidogo, tatu zimejaa.

"Mlijua," akasema.

"Shemeji, mimi ni kinyozi," kinyozi akaanza, "mimi mambo ya…"

"Yako ulikuwa unamimina wapi?"

Kinyozi akatazama nje kibarazani. Dada yake akayafuata macho yake mpaka kwenye kopo la mrehani, vijiti vitupu sasa, akafumbua mdomo, akaufunga.

"Toka," Fundi Rangi akamwambia.

"Shemeji, tusifike huko. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe tulikusifia ukalitia…"

"Toka nyumbani kwangu."

Akatoka. Walibaki wawili. Mama Pacha hakulia. Hakuwa mwanamke wa kulia.

"Tangu lini?" mumewe akauliza.

"Tangu ya tano. Nilidhani mafua."

"Na majirani?"

"Niliwaomba."

"Uliwaomba nini?"

"Waseme imekaa vizuri."

Alicheka, Fundi Rangi. Kicheko cha kukohoa. "Kwa hiyo ni mtaa mzima. Mtaa mzima unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mwenye chupa ni mke wangu."

"Ulikuwa unarudi kutoka mle turubaini huna hata sauti," mkewe akasema, na sasa sauti yake ndiyo ilianza kupanda. "Huli, huongei, unakohoa mpaka asubuhi. Halafu unashika ile sufuria yako, unakuwa mtu. Ningesemaje? Ningekwambia pua yako imekufa? Ningekutoa hicho kimoja, ubaki na nini?"

"Ningebaki na ya nne!" Akapiga meza, glasi moja ikaanguka, bia ikakimbilia kwenye shati lake jeupe. "Ungenambia siku ya ya tano, ningempelekea Madamu ya nne, leo niko kwake! Huruma yako imenirudisha kwenye turubai!"

Ilikuwa kweli. Na ukweli ukishatua mezani namna hiyo, hakuna anayejua auondoe kwa kitambaa gani.

Daktari wa masikio na pua hakuwa na mengi. Alimnusisha kahawa, mafuta ya taa na sabuni, akaandika, akasema vile vinyuzi vya kunusia vimeungua. "Huwa vinarudi?" "Kwa wengine." "Kwangu mimi?" Daktari akasema aache kazi ile kwanza. Fundi akamshukuru. Ni ushauri mzuri sana kumpa mtu mwenye kazi ya pili.

Jioni moja akalitoa daftari. Nia yake ilikuwa kuichana ile barua, na aliichana. Lakini daftari likabaki wazi mikononi, akaanza kusoma. Bia ya nne, harufu: maua makavu, ganda la chungwa kwa mbali, mkate unaotoka tanuri. Akafungua ya tano. Harufu: maua makavu, ganda la chungwa, mkate. Ya sita: maua, chungwa, mkate. Ya saba: kama ya sita.

Akarudi kwenye ya tano akauangalia ule mwandiko. Ulikuwa wake. Hakuna mtu aliyemshikia kalamu. Na akakumbuka vizuri kabisa, kama mtu anayekumbuka alipoficha kitu, jinsi siku ile alivyonusa mara tatu, hakusikia chochote, akafunua ukurasa wa nyuma, akanakili. Mkewe hakuwa hata nyumbani.

Alikaa hapo mpaka taa zikawashwa. Halafu akafunua ukurasa wa kwanza, ule wa kalamu nyekundu, akausoma, akasimama akaenda kupima kimea.

Bia ya nane haikuwa ya nane. Ilikuwa ya nne, neno kwa neno. Alipika kama kipofu anayetembea nyumbani kwake, anahesabu hatua. Nyuzi sitini na saba, siyo sitini na nane. Hopsi arobaini, na ulimi wake ulipomsihi aongeze, akaung'ata. Dawa ya nguo aliimwaga yote chooni, akachemsha chupa na mpira kwenye maji, dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Ndoo aliizungushia taulo bichi isipate joto. Siku kumi. Kipimio cha kioo kikaelea pale pale kilipoelea mwanzo. Hakuonja. Mama Pacha alisimama mlangoni mara moja akasema, "Nikunusie?" Fundi akasema, bila kugeuka, "Pua yangu imekufa. Yako inadanganya. Tuiache hii ijitetee yenyewe."

Mkewe akarudi kwenye cherehani. Neno hilo lilimwingia, na Fundi alijua limemwingia, na hakulitoa.

Wiki mbili kwenye chupa. Kisha akafunga chupa sita kwenye gazeti, akapanda barabara ya juu kwa miguu.

Aliona kabla hajaingia. Kibao kipya juu ya mlango, kikubwa, rangi nyekundu inayowaka. Aliitambua ile rangi, ya mkono mmoja, haikusuguliwa. Ndani kulikuwa na friji mbili mpya za milango ya kioo, zimejaa chupa zinazofanana kama askari.

Madamu mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta. Alimwona, akaona gazeti, na uso wake ukaonyesha kwamba angependa kuwa mahali pengine.

"Kaa, Fundi."

"Sikai sana. Onja tu."

Akafungua moja, akaimimina taratibu kwenye glasi aliyoiinamisha kidogo. Madamu akanusa. Pua ikabaki ndani ya glasi. Akanywa funda. Akanywa la pili. Hakusema imekaa vizuri. Alikunywa mpaka chini akaitazama glasi tupu, akachukua ile chupa mwenyewe akamalizia iliyobaki.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema mwishowe.

"Basi?"

"Basi nimeshatia saini." Akaonyesha friji kwa kidevu. "Wiki mbili zilizopita. Kampuni ya bia wameniletea hizi, na kibao, na viti vya nje. Miaka mitatu, hairuhusiwi bia ya mtu mwingine kuingia mlangoni hapo. Hata chumba cha nyuma wameweka makreti." Akaisogeza glasi tupu. "Nilikungoja, Fundi. Miezi mitano nilikungoja uinyooshe."

"Najua."

"Niachie hizo tano. Za kwangu, ghorofani. Huko hawapandi."

Akamwachia. Malipo aliyakataa. Alishuka barabara ya juu mikono mitupu, akiwa mtengenezaji wa bia nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, kwa ushahidi wa mtu mmoja.

Nyumbani Mama Pacha alikuwa amekata uzi wa mwisho wa siku. Alimwangalia usoni. Fundi Rangi akatoa chupa mojawapo kati ya zile alizoziacha nyumbani, akaleta glasi mbili, akamimina. Ilikuwa mara ya kwanza kumkaribisha kinywaji tangu siku ya Madamu.

Akanywa yake. Maji ya uvuguvugu, halafu uchungu, mlangoni, unatoka. Nyumba yenyewe hakuiona.

"Ikoje?" akauliza.

Mama Pacha alinywa, akasita. "Nzuri."

"Usinipake mafuta."

"Nzuri, Baba Pacha. Kweli kabisa. Kama ile."

Akamtazama anavyokunywa. Alikunywa glasi yote, akajimiminia nyingine bila kuombwa, akavuta kiti karibu. Mtu mwingine hiyo ingemtosha. Lakini Fundi Rangi alikumbuka kwamba hata ya sita aliinywa yote, macho yanamlenga maji, mkono juu ya mkono wake. Akayachunguza macho yake sasa. Yalikuwa na maji. Angeweza kuwa analia kwa lolote.

Akafungua daftari ukurasa mpya. Rangi: shaba. Povu: dogo, linakaa. Ladha: chungu. Kwenye Harufu kalamu ikasimama. Kurasa za nyuma zilikuwa hapo hapo, zimejaa maua na chungwa na mkate, za kunakili tu. Mkewe alikuwa hapo hapo, wa kuuliza tu.

Aliuacha ule mstari mtupu. Akafunga daftari, akaenda bombani kufua leso ya kujifungia pua, maana kesho yake ilikuwa Jumatatu.